Pikapu ya Mbuyu Inawaka LED Kama Klabu na Geji Zimelala? Cheki Hizi Vitu Kabla Injini Ikufe

Kuna form imeshika vijanaa wa Kitale na Bungoma, na si mbaya hata kidogo. Msee anarudi ushago, anapata Peugeot 504 pikapu ya mbuyu imepaki nyuma ya ghala la mahindi, kuku wametaga kwa kiti ya dere. Anaitoa, anaiosha, anatafuta betri, inadunda. Wiki hiyo hiyo ashaanza kununua: baa ya LED ya kuweka juu ya kabini, redio ya skrini, spika mbili za nguvu, honi ya lori, chaja ya USB. Picha zinaenda TikTok, mabeshte wanasema ni moto.

Halafu unachungulia dashibodi. Geji ya temperecha imekufa. Ya mafuta inasema tanki imejaa, na umetoka kusukuma gari hadi petroli stesheni. Kataa kadogo ka oili hakawaki hata ukiwasha swichi. Yaani nje ni disco, ndani ni giza.

Kama uko na ndai ya kitambo, iwe 504, Land Rover, Datsun 1200 ama lori ya kubeba miwa, na unataka kuboresha vitu zake za stima, sheria ni moja tu: geji kwanza, disco baadaye. Na si kwa sababu wazee wamesema. Ni hesabu.

Kwanza, heshima kwa hii ndai

504 ilitoka Ufaransa 1968, na 1969 ikachukua taji la Gari la Mwaka Ulaya. Huku kwetu ikashinda Safari Rally mara mbili, 1975 na 1978. Pikapu yake ilikuja mwishoni mwa miaka ya 70, na Kenya iliendelea kuunganishwa hadi 2004, wakati Ufaransa walikuwa washaacha kitambo. Ndio maana huku magharibi bado ziko: zimebeba mahindi, maziwa, mbao, wanafunzi, jeneza na bibi harusi, wakati mwingine wiki moja.

Lakini ni gari ya enzi ambayo kitu kikubwa cha stima ilikuwa taa, waipa na redio ya stesheni mbili. Hakuna msee Ufaransa alifikiria utawahi kuweka amplifaya huko ndani. Waya zake zilipimiwa kazi yake, na saa hii hizo waya ziko na miaka 20, 30 ama 40, na kila fundi aliyepita amekata moja na kuongeza mbili.

Kupanda Kitale si mchezo

Bungoma iko karibu mita 1,400 juu ya bahari. Kitale iko karibu mita 1,900. Ukitoka Kanduyi, upite Webuye, Misikhu, Kamukuywa, Kiminini hadi Kitale, umepandisha gari karibu mita 500. Ukiwa mtupu hutasikia. Ukiwa umebeba tani moja, injini inasikia kila mita.

Sasa ongeza hii, ambayo wengi hawajui. Maji huchemka kwa nyuzi 100 ukiwa baharini, Mombasa. Ukipanda juu, hewa inakuwa nyepesi na maji yanachemka mapema. Kitale maji ya sufuria huchemka karibu nyuzi 94. Injini yako inapenda kufanya kazi kati ya 80 na 95. Umeona mahali noma iko? Kitu pekee kinazuia maji ya radieta yasichemke ni kile kifuniko chake, kwa sababu kinashikilia presha. Kifuniko kikiwa kimekwisha raba, presha inatoroka, maji yanachemka, na 504 ya petroli iko na hedi ya aluminiamu. Aluminiamu ikipata moto sana inapinda. Ikipinda, gasketi inaenda, maji yanaingia kwa oili, na hiyo doh ulikuwa umetenga ya spika inaenda kwa fundi wa injini pamoja na ya karo.

Kwa hivyo kabla ya geji yoyote, nunua kifuniko kipya cha radieta kinachofaa gari yako. Na usiwai kukifungua injini ikiwa moto, utachomeka uso.

Geji ya temperecha: hii ndio mlinzi wako

Geji ya zamani ikiwa haisongi, usikimbilie kununua mpya. Kwanza chomoa ile waya ya sensa kwa injini, washa swichi, halafu iguse tu kwa chuma ya injini kidogo. Kwa geji nyingi za kitambo, mshale utapanda. Ukipanda, geji na waya ziko sawa, sensa ndio imekufa. Usipopanda, shida iko kwa waya, kwa fyuzi ama kwa geji yenyewe. Hiyo ni kazi ya dakika mbili na haikugharimu kitu.

Ukiamua kuongeza geji mpya, ziko aina mbili. Ile ya stima inatumia sensa na waya. Ile ya kimakanika iko na mrija mwembamba wa shaba uliofungwa na gesi ama maji maalum ndani. Hiyo ya mrija ni kweli sana na haitegemei betri, lakini ukiukata, ukiukunja vibaya ama ukijaribu kuufupisha, imekufa hapo hapo. Mrefu sana? Ukunje mviringo mkubwa uufiche.

Lakini sikiza hii: sensa inapima maji. Maji yakiisha yote, sensa inabaki kwa hewa na mvuke, na geji inaweza kuonyesha chini wakati injini inachomeka. Ndio maana mshale ukipanda, halafu ghafla ushuke bila sababu kwa mlima, usisherehekee. Simamisha gari. Kama uko na ganji kidogo, ongeza swichi ya joto na kengele ya kupiga kelele. Macho yako yako kwa barabara na kwa simu, lakini masikio yako hayaendi mahali.

Na kuna kitu ya 504 wengi wanasahau: nyingi zilikuja na feni inayoshikwa na sumaku ya stima. Injini ikipata joto, swichi kwa radieta inatuma stima, sumaku inashika, feni inazunguka. Waya ikikatika, feni inalala, na injini inachemka ukiwa kwa foleni tu. Kuna mafundi huifunga izunguke wakati wote. Inasaidia, lakini jua kama yako imefungwa ama bado ni ya stima, ndio ujue utafuta shida wapi.

Presha ya oili: kataa kakiwaka umechelewa

Kale kataa kekundu ka oili huwaka presha ikishuka hadi karibu psi 5 hadi 7. Kwa injini iliyo kwa mlima na mzigo, hiyo ni kama kuambiwa nyumba inaungua wakati paa imeshaanguka. Geji inakuonyesha mapema: leo 45, wiki ijayo 38, mwezi ujao 30. Mafundi wengi wanatumia hesabu rahisi: karibu psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 ya injini, oili ikiwa moto.

Ukiweka geji ya presha ambayo mrija unaleta oili yenyewe hadi dashibodi, achana na mrija wa plastiki ya bei rahisi. Ukipasuka, oili moto inamwagika kwa miguu yako na injini inabaki bila. Weka wa shaba, ama chukua ya stima ambayo oili inabaki kwa injini na waya pekee ndio inaingia kwa kabini. Na uache kataa kale ka zamani pia. Fundi ataweka kiungo cha matundu mawili, kimoja cha geji, kimoja cha taa.

Volti: geji ndogo, habari kubwa

Ndai nyingi za kitambo zilikuja na geji ya ampea, ile iko na alama ya kujumlisha na kutoa. Shida yake ni kwamba karibu stima yote ya gari inapita ndani yake. Waya mbili nene zinakuja hadi dashibodi na kurudi. Ukibadilisha oltaneta ukaweka kubwa na uache geji ya ampea 30 hapo, inaweza kuyeyuka, na nyuma ya dashibodi ndio mahali pabaya kabisa pa moto kuanzia.

Geji ya volti inachukua stima kidogo sana na inatumia waya nyembamba yenye fyuzi ndogo. Na inakuambia kila kitu. Kwa gari ya volti 12: injini ikiwa imezimwa na betri imejaa, inafaa kusoma karibu 12.6. Ikiwa inanguruma, kati ya 13.8 na 14.4. Ikibaki 12 ukiwa unaendesha, huchaji. Ikipita 15, kidhibiti cha chaji kimekufa na unachemsha betri. Ukifanya fundi aunganishe zile waya nene za geji ya ampea vizuri, mbali na dashibodi, na uweke ya volti kwa lile shimo, umefanya uboreshaji mmoja wa maana sana kwa doh kidogo.

Geji na sensa lazima ziongee lugha moja

Hapa ndio watu hununua vitu mtandaoni halafu wanalia. Kila geji ya stima imetengenezewa sensa ya omu fulani. Ziko za omu 0 hadi 90, ziko za 240 hadi 33, ziko za 10 hadi 180. Ukinunua geji ya 240–33 na uiunge kwa sensa ya tanki ya 0–90, haitasoma ukweli. Inaweza hata kugeuza: tanki ikiwa tupu inakuambia imejaa. Si kwamba ni feki, ni lugha tofauti. Nunua geji na sensa yake kwa seti moja, ama upime sensa yako na multimita kwanza, tanki ikiwa tupu na ikiwa imejaa.

Wenye Land Rover za kitambo, yenu iko na siri. Series IIA za mwisho na ndugu zake ziko na kidude nyuma ya dashibodi kinachoshusha volti 12 kuwa 10 kwa ajili ya geji ya mafuta na ya temperecha. Geji zote mbili zikianza kudanganya siku moja, usibadilishe zote mbili. Hicho kidude ndicho kimekufa, ama athi yake.

Sasa hesabu ya disco

Wati gawanya kwa volti, unapata ampea. Hiyo tu. Cheki:

Taa za mbele, balbu mbili za wati 55: ampea 9. Taa ndogo na za nyuma: 3. Koili ya moto wa plagi: 4. Waipa: 4. Baa ya LED ya wati 180: 15. Redio na amplifaya ukiifungulia kiasi: 20. Jumla 55.

Oltaneta nyingi za enzi hizo zilikuwa za ampea 30 hadi 50 hivi, na hiyo ni injini ikizunguka vizuri. Ukiwa umesimama Webuye kwa mvua injini ikilala chini, inatoa kidogo zaidi. Kama yako ni ya 40, kuna ampea 15 zinatoka kwa betri kila saa. Hutasikia leo. Utasikia asubuhi ukiwa Kiminini na stata inasema "tik".

Kwa hivyo kama unataka disco, oltaneta kubwa kwanza, na waya nene kutoka kwa oltaneta hadi betri. Oltaneta ya ampea 70 ikipitia waya ya ampea 30 ni kama kupitisha Nzoia kwa bomba la jikoni.

Athi: mchawi wa kila siku

Athi ni ile njia stima inarudi nayo kwa betri kupitia bodi na injini. Ndai ya kitambo iko na kutu, rangi na matope kila mahali athi inashikilia. Dalili: ukiwasha indiketa, taa za dashibodi zinacheza nayo. Ukipiga honi, taa zinafifia. Geji ya temperecha inapanda ukiwasha taa. Watu wanasema gari iko na mapepo. Hapana, ni athi.

Weka multimita: mguu mmoja kwa hasi ya betri, mwingine kwa bodi ama injini, taa zote zikiwaka. Ikisoma zaidi ya volti 0.2 hivi, athi imechoka. Kwaruza hadi uone chuma safi, weka waya nene mpya kutoka betri hadi bodi na nyingine kutoka injini hadi bodi, kaza, paka grisi. Bila hiyo ya injini, stata inaweza kutafuta njia kupitia kebo ya akseleta, na kebo inawaka nyekundu. Geji ngapi zimetupwa na shida ilikuwa boliti moja ya kutu!

Fyuzi na rilei, ama uite zima moto

Fyuzi haiko hapo kulinda redio. Iko kulinda waya isishike moto. Kwa hivyo inakaa karibu na betri, ndani ya sentimita 30 hivi, si kule kwa dashibodi. Na ukikosa fyuzi, usifunge na karatasi ya sigara. Hiyo haitaungua kamwe, kitakachoungua ni pikapu.

Rilei ni swichi inayowashwa na swichi. Stima kidogo kutoka dashibodi inaamsha rilei, na rilei inapitisha stima kubwa moja kwa moja kutoka betri hadi taa. Matundu yake yako na namba: 30 kutoka betri yenye fyuzi, 87 kwenda kwa taa, 86 kutoka swichi, 85 kwa athi. Ukiweka taa za mbele kwa rilei, mara nyingi zinang'aa zaidi na balbu zile zile, kwa sababu stima haipiti tena kwa swichi ya miaka 30.

Na waya ya nyumba, ile ngumu ya uzi mmoja, wacha ikae kwa nyumba. Kwa barabara ya matuta inakatika ndani huku nje inakaa fiti. Tumia ya nyuzi nyingi, ipite kwa raba pale inatoboa chuma, na ufunge vizuri. Kabla ya kushika chochote, toa hasi ya betri.

Mitego mitatu ya mwisho

Kataa ka chaji: kwa oltaneta nyingi, ile balbu ndogo ndiyo inaamsha oltaneta ianze kuchaji. Ukiitoa ama uweke LED mahali pake, inaweza kukataa kuchaji hadi upige resi. Hiyo balbu iache ya kawaida.

Indiketa za LED: zinakula stima kidogo, kwa hivyo ile flasha ya zamani inachanganyikiwa, zinawaka mbio mbio ama zinagoma. Weka flasha ya kielektroniki.

Volti na upande: Land Rover nyingi za kabla ya 1967 hivi zina betri iliyounganishwa kinyume, chanya ndiyo athi, na dainamo ya ampea 22 hivi. Ukichomeka redio ya kisasa hapo, kwaheri. Na malori mengi ya miwa ni volti 24, betri mbili. Usitoe volti 12 ya redio kwa betri moja, hiyo moja itakufa mapema na kuvuta mwenzake. Nunua kigeuzi cha 24 hadi 12.

Doh ikiwa kidogo, fuata hii mlolongo

Mwezi wa kwanza: kifuniko cha radieta, athi na fyuzi. Mwezi wa pili: temperecha, volti na presha ya oili. Mwezi wa tatu: rilei za taa. Halafu oltaneta. Halafu, buda, weka spika hadi madirisha yatetemeke. Baa ya LED iwe na swichi yake, na uizime ukikutana na gari, kwa sababu dere wa boda mbele yako haoni kitu. Za bluu na nyekundu za kumulikamulika waachie polisi na ambulensi, usitafutiane na makarao.

Msimu wa mavuno ukifika, kuanzia Oktoba, hizi pikapu zitakuwa barabarani usiku na mchana. Ile itafika Kitale na magunia yote si ile inawaka sana. Ni ile dere wake anaweza kusoma geji tatu na kuamini zinachosema. Tumia beshte yako ambaye ashanunua spika na hajanunua fyuzi.